Pensheni ya VA, fidia ya ulemavu, au ile ya miaka 20: ndugu yako aliyekuwa jeshi la Marekani anaangukia wapi?

Juzi barazani Ngamiani, kahawa ishapita raundi ya pili, ukazuka ubishi mpaka muuza kahawa mwenyewe kaweka dele chini asikilize. Kuna mzee wetu mmoja, jina naliacha, kaenda Marekani kusoma akiwa kijana, akaishia kuingia jeshi la kule 1978 akatoka 1984, miaka sita mizima, sasa hivi kashavuka 65 na karudi kajenga Sahare. Halafu kuna mpwa wangu, yeye alipata green card ya bahati nasibu, akaingia jeshi 2007 akatoka 2010, kazi yake jikoni, alfajiri anakaanga mayai ya kikosi kizima huko Texas, Iraq hajaikanyaga na Afghanistan kaiona kwenye TV kama mimi na wewe. Swali la baraza: kati ya hawa wawili nani anatimiza masharti ya utumishi kwa ile pensheni ya maveterani?

Baraza lote likampa mzee. Miaka sita kwa mitatu, mvi kwa ndevu nyeusi, hata hakuna cha kujadili. Sasa ndo baraza limekosea hapo, mpika mayai ndo anatimiza, mzee hatimizi. Na ukimaliza kucheka nikwambie tena, hata huyo mpika mayai kwa leo hapati hata senti. Ngoja nieleze maana mi nina kisteshenari changu, watu wananiletea makaratasi niwachapie na kuwajazia, na kwa namna ndugu zetu walivyotapakaa kule basi karatasi za VA (hiyo ni Idara ya Maveterani ya Marekani) nimeshazisoma kuliko za TRA.

Kinachotuchanganya ni hili neno pensheni. Kwetu pensheni ni moja, umechanga PSSSF au NSSF miezi 180, umri umefika, unasubiri kikokotoo na presha juu. Wamarekani kwa mtu aliyepita jeshini wana vitu vitatu tofauti kabisa na sisi vyote tunaviita pensheni:

Kwanza, pensheni ya VA. Hii ni ya veterani mwenye kipato kidogo, aliyetumikia wakati wa vita.
Pili, fidia ya ulemavu. Hii ni ya aliyeumia au kuugua kwa sababu ya jeshi, tajiri au maskini.
Tatu, malipo ya ustaafu wa jeshi. Hii ni ya aliyekaa miaka 20 na kuendelea.

Ya tatu naipitia haraka maana haina ubishi, miaka umeimaliza au hujaimaliza. Aliyeanza kabla ya 2018 na akabaki kwenye mfumo wa zamani anahesabiwa asilimia 2.5 kwa kila mwaka, kwahiyo akitoka na miaka 20 anachukua nusu ya wastani wa mshahara wake wa msingi wa ile miaka mitatu iliyokuwa minono zaidi. Aliyeingia kuanzia 1 Januari 2018 ni asilimia 2 kwa mwaka, miaka 20 inamtolea asilimia 40, ila serikali inamchangia kwenye akiba yake, yani hata akiondoka na miaka minne haondoki mikono mitupu. Askari wa akiba naye anastaafu kwa miaka 20 ya kuhesabiwa pointi lakini hela kwa kawaida anaanza kuiona akifika 60. Basi. Kama ndugu yako alikaa miaka mitatu, minne, sita kama mzee wetu, hii isahau, njoo kwenye zile mbili ambazo ndo watu wanakosea kila siku.

Tarehe ndo zinaamua, sio miaka

Pensheni ya VA haiulizi ulipigana wapi. Inauliza ulikuwa kazini lini. Sheria yao imeweka vipindi vya vita kwa tarehe, na wewe unatakiwa uwe na angalau siku moja ndani ya kipindi kimojawapo, siku moja tu, hata kama siku hiyo ulikuwa unafagia bweni:

Vita ya pili ya dunia: 7 Desemba 1941 hadi 31 Desemba 1946
Korea: 27 Juni 1950 hadi 31 Januari 1955
Vietnam: 5 Agosti 1964 hadi 7 Mei 1975 (kwa aliyekuwa Vietnam kwenyewe inaanza 1 Novemba 1955)
Ghuba: 2 Agosti 1990 hadi leo, maana hawajaifunga kisheria

Umeona pengo? Baada ya 7 Mei 1975 mpaka 1 Agosti 1990, miaka kumi na tano, kwa pensheni hii inahesabika ni amani. Mzee wetu kaingia 1978 katoka 1984, katumbukia katikati ya pengo mzimamzima. Angekaa miaka 12 ndani ya pengo hilohilo jibu ni lilelile. Na sio kwamba kulikuwa kimya kweli, 23 Oktoba 1983 kambi yao ya Beirut ililipuliwa wakafa wanajeshi 241 wa Marekani kwa asubuhi moja, Grenada wakavamia mwezi huohuo, Panama Desemba 1989. Vyote havimo kwenye orodha. Mtu katoka kwenye kifusi cha Beirut akiwa hai, kama utumishi wake wote uko ndani ya ile miaka basi mlango wa pensheni umefungwa, na mpwa wangu na mayai yake yuko ndani kwasababu 2007 ni kipindi cha Ghuba. Mi naona sio haki, lakini sheria haikuandikwa na mimi.

Halafu kuna muda. Aliyeanza kabla ya 8 Septemba 1980 anahitaji siku 90 za utumishi wa muda wote, na siku moja kati ya hizo iwe ya vita. Aliyeanza baada ya 7 Septemba 1980 kama askari wa kawaida anatakiwa miezi 24, au amalize kipindi chote alichoitwa, mfano askari wa akiba kaitwa miezi 11 akaimaliza yote, huyo kapita. Kwa maofisa tarehe ya mpaka ni 16 Oktoba 1981. Kuna waliotoka mapema kwa kuumia kazini, hao sheria ya miezi 24 haiwabani. Na mazoezi ya wikiendi ya watu wa akiba hayahesabiki kama utumishi wa muda wote, hapo wengi wanajihesabia miaka sita kumbe mkononi wana miezi michache.

Fidia ya ulemavu sasa, weka pembeni yake uone. Vita haiulizi, iwe 1978, iwe 1985, iwe jana. Siku 90 haiulizi. Ile ya miezi 24 nayo kwa mtu mwenye ulemavu uliotokana na jeshi haimzuii. Inataka vitu vitatu: una tatizo la kiafya sasa hivi, kuna kitu kilitokea jeshini, na daktari anaunganisha hivyo viwili. Mzee wetu alikuwa kikosi cha mizinga. Ukikaa nae unamwona mwenyewe, anageuza sikio la kulia ndo anakusikia, na anasema usiku kuna kitu kama nyenje kinamlilia kichwani, miaka na miaka, yeye anajua ni uzee. Huo mlio wa masikio kwenye fidia una daraja lake la ulemavu, asilimia 10. Kwa viwango vilivyoanza 1 Desemba 2024 ilikuwa dola 175.51 kwa mwezi, bila kodi, kabla hata hujaongelea usikivu wenyewe uliopungua. Na hakuna ukomo wa kuomba, miaka 40 baadae unaomba tu, isipokuwa hela inaanza kuhesabiwa tangu ulipoomba, sio tangu ulipoumia.

Na kuna magonjwa ambayo hata kuunganisha huunganishi, wao wenyewe washakubali. Aliyekuwa Vietnam kati ya 9 Januari 1962 na 7 Mei 1975 akapata kisukari cha aina ya pili, wanachukulia ni ile dawa ya kukaushia misitu waliyomwaga, Agent Orange. Presha nayo imeongezwa kwa sheria iliyosainiwa Agosti 2022, sheria hiyohiyo ndo imewaingiza waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka Iraq na Afghanistan. Kwahiyo kama una mzee wa Vietnam nyumbani ana sukari na anahangaika na fomu ya pensheni, mwambie asimame kwanza.

Mali, umri, na shamba la Muheza

Mpwa wangu tarehe anazo, miezi anayo, mbona hapati? Kwasababu pensheni ina masharti mengine nje ya jeshi. Uwe na miaka 65 au zaidi, au uwe mlemavu wa kudumu usiyeweza kazi, au uko kwenye nyumba ya kulelea wagonjwa, au unalipwa hela ya ulemavu na Social Security (mfuko wao wa hifadhi ya jamii). Yeye hajafika hata 45 na ni mzima kama chuma cha reli. Ndo hivyo, mmoja ana umri hana tarehe, mwingine ana tarehe hana umri, wangekuwa mtu mmoja wangelipwa.

Kuna na mali. Kuanzia 1 Desemba 2024 mpaka 30 Novemba 2025 ukomo ulikuwa dola 159,240, wanajumlisha mali na kipato cha mwaka, vya mke na mume. Huwa wanapandisha kila Desemba kwahiyo angalia cha mwaka wako. Nyumba unayoishi haihesabiwi, gari yako ya kawaida haihesabiwi. Lakini zile frem tano za kupangisha pale Chumbageni zinahesabiwa, na shamba la michungwa Muheza linahesabiwa. Na najua unachowaza, kwamba namwandikia mdogo wangu shamba halafu naomba. Wameshakuwaza kabla yako. Wanaangalia nyuma miaka mitatu, ukigawa au kuuza kwa bei ya kutupa ili ushuke chini ya ukomo wanaweza kukufungia malipo mpaka miaka mitano. Fidia ya ulemavu haina habari na michungwa yako, kuwa nayo heka mia, hawaulizi.

Tupige hesabu kidogo

Hapa ndo uchaguzi wenyewe ulipo maana zote mbili kwa pamoja hulipwi, ukistahili zote unapewa iliyo kubwa, na unaweza kuchagua mwenyewe.

Pensheni haikupi kiwango kizima, inajazia. Wana kiwango cha juu cha mwaka, kwa veterani asiye na mke wala mtoto kilikuwa dola 16,965 (hivi vyote natumia vya kuanzia Desemba 2024), wanatoa kipato chako, kinachobaki wanagawa kwa 12. Tuseme mtu anapata Social Security dola 900 kwa mwezi, mwaka mzima 10,800. Toa kwenye 16,965 inabaki 6,165, gawa kwa 12 ni kama dola 513. Sasa mtu huyohuyo angekuwa na fidia ya asilimia 30 tu angelipwa dola 537.42, na mwanae akimtumia hela au akipata kazi ya kuuza duka haipungui hata senti. Pensheni ikisikia kipato kimeongezeka inashuka, na usiposema wakajua wanakudai urudishe.

Lakini subiri, usiitupe pensheni bado. Kuna kiwango cha mtu asiyejiweza, anayesaidiwa kuoga, kula, kuvaa. Hapo kiwango cha mwaka kinapanda mpaka dola 28,300. Mtu yuleyule wa 10,800 anabakiwa na 17,500, gawa, ni dola 1,458 kwa mwezi. Fidia ya asilimia 60 ilikuwa 1,395.93. Umeona kibao kilivyogeuka! Na gharama za matibabu ulizolipa mwenyewe mfukoni, zile zinazozidi asilimia 5 ya kiwango cha msingi, zinapunguza kipato chako kwenye hesabu, na mshahara wa anayekuuguza unaingia humo. Kwahiyo risiti ya dawa usifungie karanga. Veterani wa Vietnam amelala kitandani, ana fidia ya asilimia 40 au 50, mke anahangaika nae, hapo kuomba pensheni yenye msaada wa mhudumu kunaweza kuwa na maana kuliko kung'ang'ania fidia, ila akipanda asilimia 70 na kuendelea fidia inarudi juu, 1,759.19, na ya 100 ilikuwa 3,831.30 kwa mtu asiye na tegemezi.

Wajane nao wapo hapa mjini, wananiuliza kwa kunong'ona. Pensheni ya mjane inafuata tarehe za vita za marehemu na kipato cha mjane, kiwango chake kilikuwa dola 11,380 kwa mwaka kwa asiye na mtoto, toa unachopata. Ile nyingine, ya mjane ambaye mumewe kafa kwa ugonjwa wa jeshi, au alikuwa na asilimia 100 kwa miaka 10 kabla ya kufa, ilikuwa dola 1,653.07 kwa mwezi, haiulizi vita wala nyumba zako za kupangisha. Bi mkubwa ukiolewa tena ile ya kwanza inaondoka, ya pili ukiolewa ukiwa na miaka 55 au zaidi inabaki. Cheti cha kifo kinachosema tu moyo umesimama kinawaponza wengi, ugonjwa uliomuua marehemu uandikwe.

Alivyotoka, na karatasi

Zote mbili zinataka jinsi ulivyoachishwa jeshi isiwe ya fedheha. Kwa heshima, sawa. Ya kawaida chini ya masharti ya heshima, sawa. Zile za chini ya hapo VA wanakaa wanachunguza kesi kwa kesi, na mtu anaweza kuomba ibadilishwe kwa fomu DD-293 ndani ya miaka 15. Usikate tamaa kwa kuambiwa na shemeji yako.

Karatasi mama ni DD-214, cheti cha kuachishwa jeshi. Bila hiyo ni maneno ya barazani. Na sisi watu wa huku habari ya askari mzee kukosa karatasi tunaijua vizuri, si ndo hapahapa Tanga walipigana Novemba 1914, Mjerumani na askari wake wakawarudisha baharini Waingereza na Wahindi wao. Hao askari wa Mjerumani walikaa nusu karne hawajamaliziwa mishahara yao, mpaka 1964 Ujerumani Magharibi wakakubali kuwalipa waliobaki hai, na inasimuliwa walipojitokeza Mwanza kama 350, wenye cheti walikuwa wa kuhesabu, basi afisa wa benki akawapa kila mmoja ufagio akawaamrisha kwa Kijerumani gwaride la bunduki, na hakuna hata mmoja aliyekosea. VA hawatokupa ufagio. Kumbukumbu zao ziko St. Louis, na 12 Julai 1973 jengo liliwaka moto, yakaungua majalada kama milioni 16 hadi 18, hasa ya jeshi la nchi kavu waliotoka 1912 hadi 1960 na baadhi ya jeshi la anga. Mzee wa Korea akijibiwa faili halipo sio kwamba hakutumikia, wana njia ya kulijenga upya kwa kumbukumbu za mishahara na barua.

Fomu ya pensheni ni 21P-527EZ, ya fidia ni 21-526EZ. Kabla ya zote tuma 21-0966, ni ya kusema tu nakusudia kuomba, inakushikia tarehe mwaka mzima wakati unatafuta vyeti. Na tafadhali usimlipe mtu kukujazia ombi la kwanza, sheria yao yenyewe hairuhusu mtu kukutoza kwa hilo, vyama vya maveterani kama American Legion, VFW na DAV vinasaidia bure. Nasema kwa uchungu, jirani yangu mmoja alimtumia kijana wa WhatsApp laki tatu na nusu "afuatilie", kilichorudi ni fomu ya pensheni imejazwa kwa mtu wa 1986. Mtu wa 1986! Mi kuchapa nachukua hela ya karatasi, basi.

Kwahiyo mimi ningeenda hivi: anza na DD-214, soma tarehe. Ziko nje ya vita, pensheni iache, nenda fidia. Ziko ndani ya vita ila mwili una hitilafu ya jeshini, bado anza na fidia. Ziko ndani ya vita, 65 kapita, mali hana, ugonjwa wa jeshi hana au kalala kitandani, hapo pensheni ndo yake. Mpwa wangu nimemwambia atunze karatasi zake, kiwiko alichoungua na mafuta jikoni kina kovu mpaka leo na kiliandikwa zahanati ya kambi, aanze na hicho.

Mzee aliniletea DD-214 yake jana ndani ya mfuko wa nailoni, imekunjwa mara nne. Tukaifungua pale mezani, jina, tarehe, kikosi cha mizinga, vizuri kabisa, nikatafuta sehemu ya chini inayosema kaachishwaje, haipo, kumbe alipewa ile kopi fupi, ambayo hiyo sehemu hawaiweki, na yeye miaka 41 anaitunza ile akijua ndo yenyewe. Tukaingia kwenye SF-180 ya kuombea ile ndefu St. Louis, haina malipo. Imebaki saini yake tu, kasema anapita Jumatatu akitoka Bombo kupima masikio.